Majani Mazima, Mizizi Mibovu: Kisa cha Mbegu ya Muhogo Katika Nyanda za Chini za Muheza

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu kikundi cha wakulima wa muhogo katika kijiji kimoja cha nyanda za chini za wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, waliopanda mbegu iliyosifiwa kuwa haishiki ugonjwa, wakaona majani yakistawi msimu mzima, kisha wakachimba mizizi iliyooza. Kimeandikwa kwa ajili ya maafisa ugani, viongozi wa vikundi na wakulima wanaozalisha mbegu kwa ajili ya wenzao. Majina ya kijiji, ya kikundi na ya wahusika yameondolewa, na baadhi ya maelezo ya watu yamebadilishwa ili wasitambulike.

Baada ya hasara, wengi kijijini walisema kuwa mbegu ile ilikuwa ya uongo. Haikuwa hivyo. Kinga iliyosifiwa ilikuwemo ndani ya mmea na ilifanya kazi yake barabara. Kilichokosekana ni kujua kinga hiyo ilikuwa dhidi ya nini, na hapo ndipo kisa hiki kinapostahili kuchambuliwa kwa kina.

Mazingira ya shamba na historia ya ugonjwa

Kijiji kipo kati ya miinuko ya mwisho ya Usambara Mashariki na pwani. Udongo wake ni wa kichanga, mwepesi kulimika na mwepesi kukauka. Minazi na michungwa ndiyo mazao ya muda mrefu, na muhogo hupandwa katikati ya minazi au katika viwanja vyake peke yake, zaidi mwanzoni mwa masika na kidogo wakati wa vuli. Muhogo wa hapo ni chakula kwanza na biashara baadaye: huchemshwa, hupikwa kwa nazi, unga wake husongwa bada, na majani yake ni kisamvu. Mwezi wa Ramadhani mahitaji ya muhogo mbichi kwa futari huongezeka sana katika masoko ya Tanga mjini, na wakulima hupanga uvunaji wao kwa kuutazama mwezi huo.

Magonjwa mawili ya virusi ndiyo yanayousumbua muhogo katika ukanda huu. La kwanza ni batobato, ambalo huyatia majani mabaka ya njano na kijani, huyakunja na kuyadumaza. La pili ni michirizi ya kahawia, ambalo huonekana kama umanjano unaofuata mishipa ya majani yaliyokomaa, michirizi kwenye shina bichi na, baya zaidi, madoa makavu ya kahawia ndani ya mizizi. Mzizi wenye madoa hayo unaweza kuwa mnene na wenye ganda safi kwa nje, na mkulima asijue lolote mpaka aukate.

Tanga ina nafasi ya pekee katika historia ya magonjwa haya. Batobato lilielezwa kwa maandishi mwaka 1894 na mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Otto Warburg, kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania. Michirizi ya kahawia ilielezwa mwaka 1936 na mtafiti H. H. Storey, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, juu ya milima hiyo hiyo inayoonekana kutoka katika shamba la kisa hiki. Katika miaka ya 1930 watafiti wa Amani walianza kuuchanganya muhogo na jamaa zake wa porini, hasa Manihot glaziovii, yaani mpira, mti ulioletwa kwa ajili ya utomvu wake. Chotara wa kwanza walikuwa na kinga lakini mizizi yao haikufaa kuliwa, kwa hiyo walirudishwa kuchanganywa na muhogo, kizazi baada ya kizazi, mpaka mizizi ikanenepa huku kinga ikibaki. Mbegu za kazi hiyo zilipelekwa pia Nigeria na zikawa msingi wa aina nyingi zinazokinza batobato barani Afrika. Ninayaeleza haya kwa sababu mkulima wa Muheza anapopokea leo mbegu bora kutoka mbali, huenda anapokea kitu kilichoanzia mlimani kwake.

Mtiririko wa matukio

Kikundi kilikuwa na wanachama zaidi kidogo ya ishirini, wengi wao wanawake, na shamba la pamoja la ekari mbili. Kwa miaka mingi walipanda aina ya kienyeji iliyo tamu na inayokomaa mapema, ambayo ilikuwa imejaa batobato kiasi kwamba vijana wa kijiji walidhani mabaka yale ni rangi ya kawaida ya jani la muhogo.

Kabla ya masika moja, kikundi kilipata mbegu ya aina bora kutoka kwa wakulima wa wilaya nyingine. Pingili, yaani vipande vya shina vinavyopandwa kama mbegu, zilikuja kwa lori zikiwa zimefungwa mafungu. Mashina yalikuwa manene, yenye macho mazuri, na hakuna aliyeyaona mashamba zilikokatwa wala mizizi ya mimea iliyozizaa. Maelezo yaliyoambatana nazo yalikuwa mafupi: mbegu hii haishiki ugonjwa.

Walipanda mvua zilipoanza, kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja. Kufikia mwezi wa tatu baada ya kupanda, tofauti ilionekana hata kwa mpita njia. Muhogo mpya ulikuwa wa kijani kibichi kitupu, huku ule wa kienyeji upande wa pili wa njia ukiwa umejikunja kama kawaida yake. Inzi weupe, wadudu wanaoeneza magonjwa haya, walionekana kwa wingi chini ya majani ya pande zote mbili, jambo ambalo bwana shamba aliliandika katika daftari lake. Wanachama kadhaa waling'oa muhogo wao wa nyumbani na kuomba pingili za mpya, na ilipofika vuli tayari mashina ya shamba la pamoja yalikuwa yamekatwa matawi na kugawiwa kwa ndugu na majirani.

Vuli ile ilikuwa haba. Mvua zilinyesha kwa siku chache zikakatika, na jua likaendelea mpaka mwaka mpya. Muhogo ulifanya kama ufanyavyo wakati wa kiu: ukaangusha majani ya chini na kubakiza kichala kidogo cha majani machanga kileleni. Wakulima hawakushtuka, kwa kuwa wanaujua muhogo, na walikuwa sahihi kutoshtuka kwa upande wa ukame. Lakini majani yaliyoanguka ndiyo hasa yale ambayo michirizi ya kahawia huyatumia kujitangaza.

Miezi tisa baada ya kupanda, mwanachama mmoja alichimba mashina machache kwa ajili ya chakula na kupata mizizi mizuri, isipokuwa mmoja wenye doa dogo ambalo alilichonga kwa kisu na kulitupa. Kikundi kikakubaliana kungoja Ramadhani, iliyokuwa mbele kwa miezi minne hivi, ili wauze kwa bei nzuri. Siku ya kuvuna, mnunuzi kutoka mjini alikata mizizi michache katikati kabla ya kupakia, kama wafanyavyo wanunuzi waliokwisha kuumia. Ndani kulikuwa na madoa ya kahawia, makavu na magumu, mengine yameenea mzizi mzima. Alirudi na matenga matupu. Mizizi iliyokuwa safi nayo ilikuwa michungu kuliko ilivyotarajiwa kwa aina ile.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Mkutano wa kwanza ulikuwa mgumu. Bwana shamba alitaka shamba lote ling'olewe na mashina yachomwe siku ileile. Wanachama walikataa, na sababu yao ilikuwa ya msingi: nusu ya chakula cha nyumba zao kwa miezi iliyofuata kilikuwa ardhini. Mtu anayetoa ushauri wa kung'oa pasipo kueleza familia itakula nini atasikilizwa kwa adabu, kisha shamba litabaki kama lilivyokuwa.

Makubaliano yaliyofikiwa yalikuwa na sehemu tatu. Kwanza, shamba lote livunwe mara moja, si kidogo kidogo, kwa kuwa madoa huongezeka kadiri mzizi unavyokaa ardhini. Sehemu nzima zimenywe, zikatwekatwe na kukaushwa makopa, na kutokana na uchungu ulioonekana, mizizi iloekwe kwanza kabla ya kuanikwa. Pili, kisichukuliwe hata kijiti kimoja cha mbegu kutoka shamba hilo, na wale waliokwisha kugawiwa pingili wafuatwe na kuelezwa. Tatu, kila shina lichunguzwe wakati wa kuchimba: mizizi yake ikatwe vipande kwa upana na kupewa alama kuanzia 1, yaani safi, hadi 5, yaani iliyooza kabisa, kama wanavyofanya watafiti wa zao hili. Sehemu hii ya tatu ilionekana kuwa kazi ya bure kwa muhogo ambao tayari umeharibika, lakini ndiyo iliyowafundisha zaidi.

Walipokuwa wakichimba mipakani mwa shamba, walikuta mistari michache ya muhogo wa bibi mmoja, mwanachama mkongwe, ambaye hakuwahi kuiacha aina yake ya kienyeji aliyorithi kwa mama mkwe wake. Majani yake ya chini yalikuwa na umanjano dhahiri wa michirizi. Mizizi yake, shina baada ya shina, ilikuwa myeupe.

Furaha ilikuwa kubwa, na hoja ikatolewa papo hapo kwamba mbegu ya kikundi tayari imepatikana, haina haja ya kununuliwa. Bwana shamba aliomba subira, akachukua majani na kuyapeleka kituo cha utafiti kupimwa. Majibu yalionyesha kuwa mimea ile ilikuwa na virusi vya michirizi ya kahawia. Haikuwa imevizuia kuingia. Ilikuwa ikiishi navyo bila mizizi kuharibika.

Uamuzi uliofuata ndio uliogusa hisia za watu kuliko mwingine wote. Mwenyekiti alimwendea bibi nyumbani kwake, akamwambia: “Bibi, muhogo wako ni mzuri na utaendelea kuulima na kuula. Tunachokuomba ni usiwape watu mbegu yake.” Bibi alijibu kuwa hajawahi kumnyima jirani mbegu maishani mwake na hajui ataanzaje. Jibu lile lilikuwa na uzito, kwani kupeana mbegu ndiko kulikokiwezesha kijiji kupita miaka ya njaa.

Kwa mbegu mpya, kikundi kiliamua kununua pingili kutoka kwa mzalishaji aliyekaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na kuchukua aina mbili badala ya moja: Kiroba, inayojulikana ukanda wa pwani kwa kustahimili michirizi ya kahawia, na Kipusa, mojawapo ya aina zilizotolewa kwa ajili ya nyanda za chini za mashariki baada ya kuchaguliwa kwa magonjwa yote mawili. Kitalu kiliwekwa mbali na muhogo wa zamani kadiri ardhi ilivyoruhusu, nyuma ya shamba la michungwa. Kilipangiwa ukaguzi katika mwezi wa tatu na wa sita baada ya kupanda, kisha wa mizizi wakati wa kuvuna, na mmea wowote wenye dalili ung'olewe bila kujadiliwa.

Matokeo

Msimu wa kwanza wa kitalu ulikwenda vizuri. Mimea michache iling'olewa katika ukaguzi wa mwezi wa tatu, na mizizi iliyokatwa wakati wa kuvuna ilikuwa safi kwa sehemu kubwa sana. Kikundi kilivuna mapema, bila kungoja bei ya Ramadhani, na kuuza kwa bei ya kawaida mzigo ambao ulikubaliwa wote.

Msimu wa pili dalili zilianza kuonekana upande mmoja wa kitalu. Upande huo ulipakana na shamba la jirani asiye mwanachama, aliyekuwa amepanda pingili alizopewa wakati ule wa vuli kutoka shamba la pamoja. Alikuwa amefuatwa na kuelezwa kama ilivyokubaliwa, naye alielewa, lakini muhogo wake ulikuwa na majani mazuri na watoto wake walikuwa wakiutegemea. Kikundi kiling'oa mistari ya pembeni na kuacha pengo lililopandwa mahindi.

Aina ya bibi iliendelea kusambaa kimyakimya. Ilikuwa tamu, ilikuwa ikiiva haraka, na ilikuwa na kitu ambacho kila mkulima anakitaka, yaani mzizi mweupe.

Uchambuzi: kinga dhidi ya nini?

Virusi vya batobato na vya michirizi ya kahawia vyote huenezwa na inzi weupe na vyote hukaa ndani ya pingili, na kwa sababu hiyo mkulima huviona kuwa jamii moja. Kwa maumbile viko mbali mno. Vya batobato hubeba DNA na huzaliana ndani ya kiini cha seli kwa kutumia mitambo ya mmea wenyewe. Vya michirizi hubeba RNA na huzaliana nje ya kiini, kwa njia tofauti kabisa. Kinga kubwa ya batobato inayotumiwa leo, ile inayoitwa CMD2, iligunduliwa katika muhogo wa kienyeji wa Afrika Magharibi na hurithiwa kama kitu kimoja chenye nguvu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliihusisha na mabadiliko madogo katika jeni la POLD1, ambalo ni sehemu ya mtambo wa seli wa kunakili DNA. Ukilijua hilo, matokeo ya Muheza yanaeleweka mara moja: mabadiliko katika mtambo wa kunakili DNA hayawezi kumzuia adui asiyeutumia mtambo huo.

Jambo hili lilikwisha kutokea kwa kiwango cha nchi nzima. Uganda, baada ya batobato kali kuangamiza muhogo wake katika miaka ya 1990, ilisambaza aina zinazolikinza. Kuanzia mwaka 2004 michirizi ya kahawia ilipozuka katika maeneo ya mwinuko ambako haikuzoeleka, aina kadhaa miongoni mwa hizo zilishindwa kabisa. Kwa hiyo maelezo “haishiki ugonjwa” ni maelezo ambayo hayajakamilika, na naamini mtu yeyote anayegawa mbegu anapaswa kutaja ugonjwa kwa jina lake, tena kwa kila aina.

Uchambuzi: jinsi ukame ulivyoficha dalili

Muhogo ni miongoni mwa mazao hodari zaidi wa ukame, na uhodari wake una utaratibu. Hewa inapokauka, hufunga mapema stomata, yaani vitundu vidogo vya jani vinavyopitisha hewa na mvuke, hata kabla udongo haujakauka sana. Baadaye hupunguza ukubwa wa majani mapya, huangusha ya zamani, na hutegemea akiba ya wanga iliyomo katika shina na mizizi mpaka mvua irudi. Mmea unaofunga stomata huokoa maji lakini pia hukosa hewa ukaa ya kutengenezea sukari, na kila ulinzi dhidi ya vimelea hulipiwa kwa sukari hiyo hiyo. Kwa hiyo mmea wenye kiu na ugonjwa kwa pamoja unagawa mfuko mdogo kwa mahitaji mawili.

Uchungu ulioonekana nao una maelezo yake. Muhogo huhifadhi ndani ya seli zake linamarini, ambayo tishu inapojeruhiwa hukutana na kimeng'enya chake na kutoa sianidi, sumu inayouzuia mdomo wa mdudu na wa mnyama. Wakati wa ukame kiasi chake katika mizizi huongezeka. Hapo ulinzi wa mmea huwa hatari kwa mlaji: mwaka 1985 wilayani Tarime, wakati wa ukame, watu wengi walipatwa na konzo, ulemavu wa ghafla wa miguu unaotokana na kula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha. Uamuzi wa kikundi wa kuloweka mizizi kabla ya kukausha makopa ulikuwa, kwa maoni yangu, uamuzi bora kuliko yote katika kisa hiki, ingawa haukuhusu ugonjwa.

Upande wa dalili, ukame ulifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Batobato huonekana katika majani machanga, na hayo yalibaki. Michirizi huonekana katika majani yaliyokomaa, na hayo yalianguka. Mkulima aliyetembelea shamba lake kila siku katika miezi ile alikuwa akiangalia sehemu ya mmea ambayo kinga yake ilikuwa imekamilika. Ukaguzi wa mwezi wa tatu, kabla ukame haujaanza, ungeweza kuyaona mengi, na haukufanyika kwa sababu mbegu ilikuwa imeshapewa sifa.

Uchambuzi: mmea unaostahimili na jirani yake

Mimea hujilinda kwa namna mbili ambazo shambani huonekana sawa. Mmea mkinzani huvizuia virusi visiingie, visizaliane au visisambae. Miongoni mwa silaha zake ni uwezo wa seli kuitambua RNA ya virusi na kuikatakata vipande vidogo, kisha kuvitumia vipande hivyo kama alama za kuwindia nakala nyingine. Ndiyo maana katika muhogo mkinzani virusi hutapakaa kwa kutolingana, na pingili zilizokatwa katika baadhi ya matawi huweza kuota mimea safi. Mmea unaostahimili, kwa upande mwingine, huviacha virusi vizaliane lakini hauharibiki sana.

Kwa mwenye shamba namna hizi mbili zina faida moja, chakula kinapatikana. Kwa jirani zinatofautiana kama maji safi na maji yenye vijidudu yaliyo angavu. Muhogo wa bibi ulimlisha bibi kwa uaminifu, na huenda kwa muda huohuo ulikuwa ukilisha inzi weupe virusi kila siku, mita chache kutoka shamba lenye aina isiyo na uwezo huo wa kustahimili.

Hata hivyo, sidhani kuwa inzi ndiye mhusika mkuu. Inzi mweupe hubaki na virusi vya michirizi kwa muda mfupi, siku moja au mbili kwa kukadiria, kwa hiyo huvieneza zaidi kutoka shina hadi shina na shamba hadi shamba la jirani. Ugonjwa unaovuka wilaya umepakiwa kwenye gari. Alama walizoandika wakati wa kuchimba zinaunga mkono hilo: mashina mabovu kabisa yalitapakaa shamba zima, hayakuwa yamekusanyika upande unaopakana na muhogo wa bibi. Hali hiyo ndiyo inayotarajiwa ugonjwa unapoingia ndani ya pingili zenyewe. Bila kazi ile iliyoonekana ya bure, lawama yote ingemwangukia bibi, na isingekuwa haki.

Yaliyofaa na yaliyoshindikana

Uvunaji wa mapema ulifaa, na utafaa popote penye michirizi ya kahawia, kwa kuwa unamtangulia mharibifu anayehitaji muda. Kung'oa katika miezi ya kwanza kulifaa kwa sababu mimea ilikuwa michache na midogo, na moyo wa mtu haukuwa umeshaitegemea. Kutumia aina mbili kulipunguza hatari ya kuanguka kwa pamoja. Kukata mizizi ya mmea mama kabla ya kuchukua mbegu yake ndilo badiliko dogo lenye thamani kubwa zaidi: kwa desturi shina huchaguliwa kwa unene wake, likiwa limefungwa fungu kando ya barabara, mbali na mzizi ambao ndio wenye habari.

Kuzuia mbegu ya bibi kulishindikana, na nadhani kungeshindikana popote. Katazo lilimtaka mtu aache wema aliouzoea bila kumpa wema mwingine wa kufanya. Msimu uliofuata kikundi kilibadili njia: kilimpa bibi mafungu ya mbegu iliyokaguliwa ili yeye ndiye awe anayewapa majirani wanaokuja kumwomba, na pingili za ncha za matawi ya aina yake zikapandwa pembeni, chini ya uangalizi, ili kuona kama ipo itakayoota safi na kupimwa tena. Zoezi hilo lilikuwa bado linaendelea wakati maelezo haya yalipokusanywa.

Lililobaki bila ufumbuzi ni shamba la jirani. Kikundi kilizungumza na serikali ya kijiji kuhusu kumwomba ang'oe, na mjumbe mmoja akauliza ni nani atakayelisha nyumba yake mpaka muhogo mpya ukomae. Wanachama walipendekeza kumchangia makopa na mahindi kutoka katika mavuno yao kwa miezi tisa, na walikuwa wakihesabu kila nyumba itatoa debe ngapi.